Ukurasa Mzima wa Mimi

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, hata baadhi ya wazazi wanaoniletea watoto leo ni mimi niliyewafundisha kushika chaki. Nimechoka. Naliweka hilo mbele kabisa kwa sababu nikilificha litajitokeza lenyewe. Magoti yananiuma, sauti imekwaruzwa na vumbi la chaki, na nikisonga ugali jioni kidole changu cha shahada kinakataa kukunjika kwenye mwiko. Kidole hicho kimeshika mikono ya watoto wa watu, mmoja baada ya mwingine, kikiiongoza kuandika herufi m.

Herufi m ya kwetu ina miguu mitatu. Hapa Uvira hatuwafundishi watoto kuandika herufi mojamoja kama zilivyo vitabuni; tunawafundisha mwandiko wa kushikana, kalamu haiinuki mpaka neno liishe. Ndivyo tulivyofundishwa sisi. Sasa chukua neno "mimi" uliandike kwa mwandiko huo. Panda, shuka, panda, shuka, panda, shuka, weka i, halafu anza tena kupanda. Mtoto wa miaka sita anapotea katikati, anaongeza mguu wa nne na wa tano, na neno linakwenda tu mpaka karatasi iishe. Nimewahi kuletewa m yenye miguu kumi na mmoja. Mwenyewe alisimama mbele yangu akisubiri sifa.

Pamoja na tabu hiyo, "mimi" ndilo neno la kwanza kwenye orodha yangu. Nina maneno kumi ambayo mtoto wa darasa la kwanza anapaswa kuyatambua akiyaona tu, bila kuhangaika kuunganisha herufi: mimi, wewe, sisi, mtu, watoto, hapana, nyumbani, mama, leo, na. Nimeyaandika kwenye kadi nilizokata kutoka maboksi ya sabuni. Kazi ni ileile kila asubuhi. Nainua kadi, watoto wanaitazama, wanasema neno kwa pamoja, naificha kadi, wanaandika. Wanaandika kwanza hewani kwa kidole, kisha kwa chaki kwenye vibao vyao vidogo vyeusi, mwisho kwenye daftari, ambalo sisi tunaliita kaye. Anayekosea anaandika ukurasa mzima wa neno lile. Mkono ukizoea, jicho nalo linazoea. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na kwa sehemu kubwa bado naamini.

Watoto ni zaidi ya sabini. Wanakaa wanne kwenye dawati la wawili, na mvua ikipiga mabati nafundisha kwa mikono kama bubu. Mwezi wa tano ukifika, siwaoni tena sura. Naona mikono tu, na kaye zilizokunjika pembe, na kalamu za risasi zilizotafunwa.

Kati yao kulikuwa na msichana ambaye magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Alikuwa na miaka kumi. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu katika darasa langu. Mara mbili nilikuwa nimemrudisha, tena kwa kalamu yangu mwenyewe. Mama yake aliteremka naye kutoka milimani juu ya Uvira, na nyumbani kwao walizungumza Kifuliiru. Kiswahili mtoto alikiokota barabarani na pwani ya ziwa, mama yake alikokuwa akiuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Mwezi wa tisa, shule zilipofunguliwa, mama huyo alinijia na beseni lake kiunoni, tupu, likinuka ndagala wa asubuhi.

"Madamu," akasema, "huyu mutoto iko na kichwa nguvu, najua. Lakini akibakia tena, basi. Namutuma Mutarule kwa shangazi yake, akalime. Muntu hawezi kuwa kila mwaka iko naandika mimi, mimi."

Nilimjibu kwamba tutaona. Watoto wapya walikuwa wakilia mlangoni.

Mutarule si mwisho wa dunia. Ni kijiji cha mashamba kwenye tambarare ya Ruzizi, na watu wanaishi zao huko. Lakini mtoto wa miaka kumi akiachishwa shule na kupewa jembe, harudi darasani. Nimewatazama wengi wakienda hivyo. Sijamwona hata mmoja aliyerudi.

Kilichoniudhi kwa msichana huyo ni kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. M yake ilikuwa na miguu mitatu sawasawa, iliyosimama kwenye mstari. Ukimpa neno anakili, hakosei hata nukta. Mwambie asome sasa! Nikiinua kadi ya "mimi", anasema "minye". Nikiinua "wewe", anasema "weye". "Sisi" anaita "siye", "mtu" anaita "muntu".

Asiyetoka kwetu aelewe kwamba minye ndiyo mimi yetu hapa Uvira, ya sokoni na ya jikoni na ya ugomvi wa majirani. Mimi mwenyewe, nikifika kwangu Rugenge, navua viatu mlangoni na "mimi" naivua papo hapo. Lakini kadi haikuandikwa minye. Imeandikwa mimi, na darasa zima linasema mimi. Basi nilijipa maelezo, na maelezo yenyewe yalikuwa mazuri: mtoto anaona "mi" ya mwanzo, kisha anajimalizia kwa lolote lililo mdomoni. Anaona "we", anajimalizia. Anaona "si", anajimalizia. Anakisia. Mwisho wa mwaka, kila mtoto anapokuja mezani kwangu kusoma kadi, nikiona makosa manne mfululizo nasimamisha, kwa sababu foleni ni ndefu na mimi ni mmoja. Yeye nilimsimamisha kwenye kadi ya nne mwaka wa kwanza, nikamsimamisha kwenye kadi ya nne mwaka wa pili. Kwenye buletini yake, ile ripoti ya mwisho wa mwaka, mahali pa maoni ya mwalimu, niliandika: Hajui kusoma. Anakisia.

Mwaka huo wa tatu, nilipoona mwezi wa tano umeingia na mtoto yuko palepale, nilianza kubaki naye saa sita, wenzake wakishaondoka. Sikufanya hivyo kwa wema mwingi. Nilikuwa nimechoka kuliona goti lake limebana kwenye dawati, na maneno ya mama yake kuhusu Mutarule yalikuwa yakinirudia kila nilipomtazama.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa na njaa, na mguu wa kushoto umevimba. Nilimwandikisha ukurasa mzima wa "mimi". Aliandika taratibu, ncha ya ulimi imetoka nje, mstari baada ya mstari, na mistari yote ilifanana. Alipomaliza, niliweka kidole kwenye neno la kwanza nikamwambia asome.

"Minye."

Nikasogeza kidole kwenye la pili.

"Minye."

Nilipiga meza kwa rula hata boksi la chaki likaruka. Nilitaka kumpiga yeye. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu aliniona nikitaka. Alirudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni, akasubiri. Niliona haya, na haya hiyo ikanizidishia hasira. Nikanyakua kadi zote kumi, nikamwambia leo tunazimaliza zote, atake asitake.

Weye. Siye. Muntu. Batoto. Apana. Alijibu bila kusita, kadi kwa kadi, na mimi nazitupa mezani moja juu ya nyingine. Ndipo nikainua kadi ya saba, ambayo katika mitihani yake miwili hatukuwahi kuifikia. Ilikuwa imeandikwa "nyumbani".

"Kwetu," akasema.

Niliinua tena, karibu zaidi na uso wake.

"Kwetu."

Nikaigeuza kadi nikaitazama mwenyewe. N, y, u, m, b, a, n, i. Hakuna k. Hakuna w. Hakuna hata silabi moja ambayo mtu angeidaka mwanzoni kisha akajimalizia kwetu.

"Umeona wapi kwetu hapa?" nikamwuliza.

"Pale," akasema, na akaweka kiganja chake chote juu ya kadi.

Nikaivuta kadi ya mimi kutoka kwenye lundo. "Na hii, mbona unaiita minye? Kila siku unanisikia nasema nini?"

Alinitazama kama mtu anayeelekeza njia kwa mgeni.

"Madamu, weye unasemaka mimi. Minye ninasemaka minye. Njo kintu moya."

Ndiyo kitu kimoja. Nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti yangu nayo hayakuingia. Mambo yote ninayofanya na kadi zile, kuandika hewani, kuandika kwenye kibao, ukurasa mzima, ni ili siku moja mtoto aone neno na maana yake imjie palepale bila kupita kwenye herufi. Huyu ilikuwa ikimjia. Ilimjia haraka hata sauti ya shule ikaachwa nyuma, akasema neno kwa mdomo wa kwao. Alisoma "nyumbani" akaona kwao. Na mimi niliandika anakisia, mara mbili, kwa mwandiko mzuri.

Sikulala vizuri. Asubuhi yake nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka mingi nyuma. Nilikata kadi mpya kutoka karatasi nyeupe, nikaandika maneno yaleyale kumi, nikaziinua mbele ya darasa bila kufuata mpangilio. Darasa lililozoea kuimba kwa sauti moja likaanza kutazamana. Mvulana ninayemwita hodari kila siku aliiangalia "mimi" mpya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Madamu, ile rangi ya buluu iko wapi?" Kadi yangu ya zamani ya mimi ilikuwa na buluu kwenye pembe, mabaki ya maandishi ya sabuni. Watoto wangu waliojua mimi walikuwa wanajua sabuni. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wakikisia, nami niliwapa alama zote, na pengine nilikuwa nikifanya hivyo tangu nianze kutumia kadi hizo. Nilicheka peke yangu mbele yao, kicheko kibaya, na wao wakacheka pamoja nami kwa adabu.

Zilibaki wiki tatu kabla ya mtihani. Nilijaribu kumfundisha msichana yule mdomo wa shule. Nilimweleza kwamba kwetu ni minye, na hapa darasani tunatamka kama ilivyoandikwa, herufi zote. Alielewa mara moja; hakuwa mjinga, mjinga tulikwisha kumjua. Lakini kila akitaka kusema, alinitazama kwanza, akasitasita, na "mimi" ikatoka ndogo, kama ameiba.

"Nikisema mimi," akaniambia siku moja, "ni kama niko nasema juu ya weye."

Sikumlazimisha zaidi. Niliogopa nikimkoroga sana atapoteza hata kile alicho nacho. Kila siku saa sita tuliandika, akasoma kwa mdomo wake, akaenda zake kwa mama yake pwani. Mimi nikafunga mlango nikijiambia kwamba siku ya mtihani nitamsomesha mwenyewe, nitampa alama zake, na mambo yataisha kimya.

Hayakuisha kimya. Watoto waliorudia mara mbili, mkuu wa shule aliamua kuwasikiliza yeye mwenyewe. Ni kijana kuliko mimi, si mtu mbaya, ila ana haraka na anapenda kubofya kalamu. Alikuja na kadi zake zilizochapwa, akakaa mezani kwangu, nami nikasimama pembeni kama mgeni darasani mwangu. Msichana akasogea. Mkuu akainua kadi ya kwanza.

"Minye," akasema msichana.

Akainua ya pili.

"Weye."

Akainua ya tatu, akajibiwa "siye". Mkuu akabofya kalamu na kunigeukia.

"Madamu, huyu iko nakisia."

Lilikuwa neno langu mwenyewe. Ningeweza kunyamaza, nani angejua? Mtoto angekwenda Mutarule, nami ningeanza mwaka mwingine na watoto wengine sabini. Nimechoka, nilikwisha sema, na mtu aliyechoka hupenda sana kunyamaza. Lakini yeye alikuwa amesimama pale, mikono mgongoni, kama siku ile ya rula.

"Funika kadi," nikamwambia mkuu. "Mwambie aandike alichokiona."

Akafunika. Msichana akachukua kalamu, akaandika "sisi" bila kuinua mkono hata mara moja.

"Sasa mwulize maana yake."

Mkuu akaguna, lakini akauliza. "Siye njo nani?"

Msichana akamwonyesha mkuu kwa kidole, akanionyesha mimi, kisha akajigusa kifuani. "Weye, na Madamu, na minye."

Mkuu alicheka, halafu kicheko kikamwisha. Akarudia kadi zote kumi, akimfanya aandike kila moja na kueleza. Zote zilikuwa sawa. Akafungua rejista, akapekua nyuma kwenye miaka iliyopita, akaona alama, akaona na mwandiko.

"Na ile myaka mbili? Nani alikuwa anamufundisha?"

"Minye," nikasema.

Lilinitoka hivyohivyo, darasani, mbele ya mwanafunzi, neno ambalo nimewaandikisha watoto kurasa nzima ili lisitoke humo. Mkuu hakulitilia maanani. Aliandika kwamba mtoto apande, akafunga rejista, na alipokuwa anaondoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Madamu, hii tusiiandike popote." Nilishukuru. Hadi leo kushukuru kule kunaniuma kuliko kosa lenyewe.

Siku ya matokeo mama yake alikuja na beseni lake, moja kwa moja kutoka pwani. Nilimwambia mtoto amepita, anakwenda darasa la pili. Alipiga makofi, akamshukuru Mungu kwa Kifuliiru, akanishika mikono yote miwili akanishukuru na mimi. Ningeweza kuishia hapo. Alinishukuru sana, na nisingeweza kurudi nyumbani na shukrani ile. Nikamweleza yote: kadi, minye, kwetu, na kwamba miaka miwili iliyopita nilisimamisha mtihani kabla ya kumsikiliza.

Alichukua muda kuelewa.

"Kwa hiyo alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Mwaka uliopita?"

"Mwaka uliopita, na mwaka mwingine kabla yake."

Aliteremsha beseni, akaliweka sakafuni. Binti yake alikuwa amesimama kando yake, akitazama vidole vya miguu yake.

"Nilimupiga, Madamu," akasema. "Siku ya buletini. Mara mbili. Juu ya ile mwandiko yako."

Nikamwomba msamaha. Alishika buletini mpya mkononi, akiitazama jinsi mtu asiyesoma anavyotazama karatasi, juu hadi chini, mara moja tu. Nikanyoosha mkono niichukue nimsomee, kama ninavyowasomea wazazi wengi. Akaivuta kifuani.

"Acha. Asome yeye," akasema. "Ninyi mulisha soma ya kutosha."

Akampa binti yake. Msichana akaiweka juu ya meza yangu, akatafuta mahali pa maoni ya mwalimu, nilipokuwa nimeandika: Sisi tumekubali apande darasa la pili. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Siye tumekubali," akasoma, kwa sauti ya kutosha mama yake kusikia, "apande darasa la pili."

Mama yake alielewa kila neno. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kusema kwamba si siye, ni sisi. Miaka yote hii mdomo huu unafunguka wenyewe. Nikaufunga, nikaita mzazi aliyefuata.